Mtoto wangu ana usonji (autism), mtaalamu kasema tuache kumshika tukimnyoa. Ndugu wanasema nimemdekeza. Nani yuko sahihi?

#1 Mama wa Rau
Habari wakuu. Nipo Moshi, Rau. Nina kijana wa miaka 6, mwaka juzi tuliambiwa ana usonji. Maneno anayo machache, akitaka maji anasema "maji mama", akichoka na kitu anasema "basi". Shida yetu kubwa ni kichwa. Kunyoa. Yaani akisikia mashine ya kinyozi hata tukiwa ng'ambo ya barabara anajitupa chini, anajipiga, mara 2 kajikojolea. Tumezoea baba yake anashika miguu, mjomba kichwa, mimi mikono, kinyozi anapitisha haraka haraka, dakika 5 imeisha, tunampa soda. Hivyo hivyo miaka 3.

Sasa tumeanza kwenda kwa mtu wa tiba kazi, hawa wanaitwa OT, huu mwezi wa pili. Juzi nikamweleza ishu ya kunyoa nikitegemea atanionyesha mbinu ya kumshika vizuri asiumie. Akaniambia mama, acheni kumshika. Kabisa. Nywele ziote tu. Akasema mtoto ana mambo mawili, masikio na ngozi yake vinapokea vitu kwa nguvu kuliko sisi, hiyo kazaliwa nayo, halafu juu yake kuna woga ambao tumeupanda wenyewe, kila tukimkamata watu 3 mwili wake unajifunza kwamba watu anaowapenda wakikusanyika jua hatari imekuja. Akasema ndiyo maana hata pale kwake mtu mzima akisimama mlangoni mtoto anaingia chini ya meza.

Nimelia njia nzima juu ya bodaboda. Nimefika nyumbani nikasimulia, bibi yake kasema nimemdekeza, baba yake kasema hela ya OT bora tungenunua mbuzi. Nywele leo ni wiki ya 9, mtaani wanamwita rasta. Naomba kuuliza, kweli mtu anaweza kupata kiwewe, yaani woga unaobaki mwilini, kwa kunyolewa? Au huyu dada ananipotezea muda?

#2 Chalii wa Sakina
Naweka kiti hapa.

#3 Mzee wa Mbege
Mleta mada pole ila acha niseme ukweli. Sisi tulinyolewa na babu kwa mkasi wa kukatia kondoo, chini ya mgomba, ukitikisika unapoteza kipande cha sikio, na hakuna aliyepelekwa kwa mtaalamu wala aliyepata hicho kiwewe. Watoto wa siku hizi ni katuni. Zima TV wiki 2 halafu urudi hapa.

#4 Ndizi Mshale
Mzee wa Mbege kumbe ndo maana ukiitwa huitiki, kipande kilibaki kwa babu 😂

Ila la katuni nalikataa. Wangu amekulia Kibosho juu kwa bibi yake, umeme tumevuta ana miaka 4, TV hatukuwa nayo, na kabla ya hapo alikuwa tayari anapanga magunzi mstari mmoja kutoka jikoni hadi zizini na ukiondoa moja anajua. Ndo huyo huyo mwenye usonji. Sasa katuni alizionea wapi, kwenye moshi wa kuni?

#5 Kalamu ya Njoro
Nasoma tiba kazi hapa hospitali ya KCMC Moshi, bado nipo chuo kwa hiyo msinichukulie kama bingwa.

Kwanza jina linachanganya, mtu akisikia tiba kazi anadhani tunamtafutia mtoto ajira. Kazi za mtoto ndo hizo hizo, kuvaa, kula, kuoga, kucheza, choo, kukaa darasani, na kunyolewa imo. Na sio fizio, wale wa mazoezi ya viungo, jamani tumechoka kuitwa fizio.

Pili, tulifundishwa shule kwamba milango ya fahamu ni 5. Ipo zaidi. Kuna ya mizani iko ndani ya sikio, kuna ya misuli na viungo inayokuambia mkono wako uko wapi hata ukifumba macho, na kuna ya ndani kabisa inayokuambia una njaa, umebanwa mkojo, moyo unaenda mbio. Aliyeingiza mambo haya kwenye OT ni Jean Ayres wa California, aliandika sana miaka ya 1960 na 1970. Kwa usonji yenyewe, Wamarekani walipotoa upya mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 2013 ndipo hisi zikaingia rasmi kwenye vigezo. Kwa hiyo mtoto anayeziba masikio mashine ya kusaga ikiwashwa hana maringo.

Sasa hilo la kutomshika, hiyo sio dawa, ni namna ya kufanya kazi na mtoto ambaye huenda ameshatishika. Mtoto ajue kinachokuja kabla hakijaja. Mlango usizibwe na mtu. Mzazi asitolewe nje. Na awe na njia ya kusema hapana, halafu hapana yake isikilizwe. Mama wa Rau umeandika mwenyewe kwamba mwanao ana neno "basi". Mtoto mwenye maneno ya kuhesabu! Sasa siku ya kunyoa analisema hilo neno watu 3 wamemkandamiza na hakuna kinachosimama. Ningekuwa mimi ningeacha kulitumia.

#6 Mama wa Rau
Kalamu ya Njoro umenimaliza. Analisema kweli. Analisema mpaka sauti inakauka.

#7 Mwalimu wa Zamani
Nimefundisha miaka 31, mingi yake wilaya ya Hai. Watoto wa aina hii walikuwepo tangu enzi hizo tukiwaita wazito au watundu. Fimbo 6 asubuhi na mtoto anatulia siku nzima. Sisemi ni sahihi, nasema walitulia. Tusidanganyane kwamba ukali haufanyi kazi.

#8 Barafu ya Kibo
Mwalimu shikamoo. Fimbo 6 hata kwa sheria ulikuwa umezidisha, kanuni za 2002 zinasema zisizidi 4 na anayechapa ni mkuu wa shule au aliyempa idhini kwa maandishi, sio kila mwenye kiboko. Halafu hiyo kutulia. Swala akishikwa na simba naye hutulia, mmeshaona Serengeti, analegea kama amelala na bado mzima. Mdogo wangu alitulia hivyo darasa la 3, tukafurahi nyumbani, kumbe ameacha kuongea kabisa, hadi leo anaandika kwenye simu.

#9 Mwalimu wa Zamani
Marahaba. Nimekusikia. Hizo za 2002 nilikuwa karibu kustaafu, kabla ya hapo mambo yalikuwa mengine. Ila mimi nilikuwa na wanafunzi 90 chumba kimoja, huyo OT ana mmoja kwenye godoro. Mpeni 90 tuone kama hatashika mtu.

#10 Kahawa Chungu
Hoja ya mwalimu ya 90 mmeiruka wote, naiona.

#11 Nipo Kimya Tu
Mimi sio wa kuandika sana. Yangu ilikuwa kanisani, kanisa silitaji. Binti yangu ana miaka 8 sasa, wakati huo 5. Akawa anapiga kelele ibadani, vipaza sauti vile vikubwa, nadhani vilikuwa vinamuumiza. Wakasema ana mapepo. Wakamshika watu wazima 4, mikono kichwani, wanapiga kelele za kuomba masikioni mwake, na mimi nipo nimesimama nasema amina. Nilisema amina. Akalegea wakasema yametoka.

Tangu siku ile akiona watu wamevaa nguo nyeupe anatapika. Manesi wamevaa nini? Nyeupe. Kwa hiyo kliniki imekuwa vita. Sasa mniambie hiyo ni usonji au ni ile siku.

#12 Ndizi Mshale
Pole sana dada.

#13 Kalamu ya Njoro
Nipo Kimya Tu pole. Swali lako hata walimu wetu wanalizungukazunguka, maana dalili zinafanana, kushtuka, kujificha, kutolala, kukataa kuguswa. Mtu akija na mtoto huyo bila historia huwezi kutenganisha kwa kumwangalia tu.

#14 Mama Pacha Njiro
Nawapinga kidogo. Mimi nina mapacha wa kiume hapa Arusha, sio wa kufanana, mmoja ana usonji mwingine hana. Wote walishikwa kunyolewa, wote walichanjwa, wote walichapwa na dada wa kazi mmoja ambaye nilimfukuza nilipojua. Mmoja leo anajipeleka saluni mwenyewe na mia tano yake ya pipi, mwenzie akiona kitana anapanda juu ya kabati. Kama shida ni kushikwa mbona ni mmoja tu? Mimi nasema ni kuzaliwa, nukta.

#15 Barafu ya Kibo
Si ndo anachosema OT wa mleta mada, Mama Pacha? Mashine ile ile, kwa mmoja ni mlio tu, kwa mwingine ni kama umemwekea drili kichwani. Kwa hiyo aliyeogopeshwa ni mmoja ingawa walishikwa wote. Umepinga ukaunga mkono 😄

#16 Mama Pacha Njiro
Hapana bwana usinigeuzie maneno. Nasema tungemshika tusimshike angepanda kabati.

#17 Tingatinga
Mnazunguka mbuyu. Chanjo. Nimemaliza.

#18 Chalii wa Sakina
Tingatinga hiyo stori ina kaburi lake. Daktari Wakefield wa Uingereza alitoa andiko 1998 la kuunganisha chanjo na usonji, watoto 12 tu, jarida lenyewe likalifuta 2010 na yeye akafutiwa leseni mwaka huo huo. Wadenmark wakaja kufuatilia watoto zaidi ya 650,000, majibu yakatoka 2019, hamna kitu. Na tena chanjo aliyoisema ni ile ya magonjwa matatu yenye matumbwitumbwi ndani, hapa Bongo watoto wanachomwa ya surua na rubela. Hata lawama mmeagiza mitumba.

#19 Tingatinga
Povu lote hilo. Haya, nimekusoma.

#20 Cherehani ya Majengo
Nimesoma kuanzia juu. Mimi kijana wangu ana miaka 22, nadhani ndiye mkubwa kwenye huu uzi, kwa hiyo nivumilieni nitaandika refu.

Hili neno kiwewe linanitisha. Wangu alipokuwa na miaka 3 nilimpeleka hospitali moja, mtaalamu akaniuliza maswali mengi sana kuhusu mimi. Ulimpenda ulipojifungua? Ulimnyonyesha kwa furaha? Wewe na mumeo mnagombana? Nilikuwa naenda kuuliza kwa nini mtoto haongei nikarudi nyumbani nikijua ni mimi. Nilibeba hiyo miaka mingi, nilikuwa namwamsha usiku kumbeba eti nifidie upendo, mtoto mwenyewe hapendi kubebwa, analia, na mimi nalia. Mpaka binti yangu alipokwenda chuo akanisomea kwamba hiyo nadharia ya mama baridi, eti mtoto anapata usonji kwa kukosa upendo wa mama, ilikuwepo Ulaya na Marekani tangu siku za mwanzo usonji ulipoandikwa miaka ya 1940, kulikuwa na bwana Bettelheim kule Chicago akaivumisha, akina mama wakasingiziwa, wengine wakatenganishwa na watoto wao. Aliyeanza kuivunja kwa nguvu ni Rimland mwaka 1964, mwanasaikolojia ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa na usonji. 1964! Mimi nimeulizwa maswali yale miaka 40 baadaye.

Kwa hiyo leo nikisikia "woga mmeupanda wenyewe" naona mlango ule ule unafunguliwa tena. Leo ni kunyoa, kesho watasema mama hakutabasamu. Mama wa Rau ulilia kwenye bodaboda. Huyo dada anaweza kuwa na haki kwa habari ya kushika, sibishi, wangu mwenyewe sikuwahi kumshika maana ana nguvu kunizidi. Lakini angetafuta namna nyingine ya kulisema.

#21 Mama wa Rau
Shikamoo mama. Nimesoma mara 3. Kusema kweli hakulisema vibaya, alikaa chini sakafuni na mimi, aliniambia mlikuwa mnafanya mnachokijua. Ila mimi nilichosikia ni "mmeupanda".

#22 Kahawa Chungu
Cherehani ya Majengo heshima yako.

#23 Chalii wa Sakina
Mimi mtoto wa dada yangu anaenda OT Arusha, kila wiki vifodi 2 kwenda 2 kurudi, anasukumwa bembea, anajiviringisha kwenye godoro, anachezea mchele kwenye beseni. Nikaanza kusoma kama hivi vitu vinafanya kazi. Madaktari wa watoto Marekani walisema 2012 kwamba ushahidi wa tiba ya hisi, ndo hayo ya bembea na godoro, ni mdogo na wazazi waambiwe hivyo. Halafu Wales wakafanya jaribio, likatoka 2022, watoto 138 wenye usonji, waliopata tiba ya hisi na waliopata huduma ya kawaida hawakutofautiana kwa tabia. Sisemi muache, nasema mbuzi wa baba yake Rasta sio wazo baya sana 😂

#24 Kalamu ya Njoro
Hilo la Wales ni kweli na linatuuma. Lakini soma na la Philadelphia la 2014, watoto 32, pale kila mzazi alitaja lengo lake, huyu avae shati, huyu aoge bila kulia, na waliopata tiba walisogea zaidi kwenye malengo hayo. Ni wachache, najua. Ukipima "tabia" kwa ujumla unaweza usione kitu, ukipima "ananyolewa au hanyolewi" unaona. Wengine wanasema hiyo ni kuchagua rula inayokufaa. Darasani tulibishana mpaka mwalimu akatoka.

Na huyo OT wa Rau sijasikia akimpa bembea. Kamwambia aache kitu. Hilo halina hata gharama.

#25 Chalii wa Sakina
Gharama ni nywele. Wiki 9.

#26 Ndizi Mshale
Mnasahau bibi zetu. Mama mkwe wangu hajui OT ni mdudu gani. Desemba tunapanda wote mlimani, mnajua Desemba ya Kibosho ilivyo, watu 40 kwenye boma moja, mbuzi anachinjwa, muziki, kila shangazi anataka kumbusu mtoto. Wangu akaanza kujipiga kichwa ukutani. Bibi akamchukua bila kusema neno, wakaenda kukata majani ya ng'ombe, akamtwisha furushi mgongoni, zito kidogo, wakapanda nalo, wakashuka kuchukua lingine, mara 3. Mtoto akarudi amepoa kabisa, akala kiburu akalala. Nikamuuliza mama umejuaje, akasema "na mimi kelele zikinizidi huwa naenda kwenye majani".

#27 Kalamu ya Njoro
Hiyo tunaiita kazi nzito ya misuli, tunafundishwa muhula mzima, bibi kamaliza kwa mafurushi 3.

#28 Mzee wa Mbege
Na mimi kelele zikinizidi naenda kwenye mbege, mbona hamniiti mtaalamu.

#29 Mama Pacha Njiro
Kuna aliyejaribu blanketi zito la kumtuliza mtoto? Naona mtandaoni bei ni mshahara wa mtu. Nilitaka kushona nijaze maharage.

#30 Cherehani ya Majengo
Mwanangu usijaze maharage. Nilishona moja, mwezi wa tatu fukusi walitoka wakatembea kitanda kizima. Mtoto alifurahi kuliko siku zote, alikaa siku 2 anawahesabu.

#31 Kalamu ya Njoro
😂😂 Waingereza walilipima hilo blanketi 2014, watoto hawakulala zaidi kuliko kwa blanketi la kawaida, ila wazazi na watoto wenyewe walilipenda zaidi. Ukishona lisiwe zito sana, asifunikwe kichwa, na aweze kulitoa mwenyewe. Mtoto mdogo sana usithubutu.

#32 Mbuzi Beberu
Wakuu habari. Nimeletewa huu uzi na mtu kazini. Mimi ndiye baba wa mbuzi.

Naomba nijitetee. Mimi nilitahiriwa nina miaka 9, walinishika wajomba 4, hakuna ganzi ya maana, nikapiga kelele wakacheka. Leo nina kazi, nina familia, sikupelekwa popote. Ndo maana naona tunakuza mambo. Mtoto wangu atakuja kuishi kwenye hii dunia, kwenye hii Moshi, sio kwenye chumba cha OT chenye magodoro. Jeshini hawatamuuliza kama yuko tayari. Mkimzoesha kila kitu kusubiri yeye aseme ndiyo, siku mimi sipo nani atamsubiri?

Kuhusu mimi na kunyoa, ni kweli nanyoa mwenyewe nyumbani, sipendi tu mtu asimame nyuma yangu na wembe, hiyo ni tabia yangu.

#33 Barafu ya Kibo
Soma tena aya yako ya mwisho taratibu mkuu.

#34 Chalii wa Sakina
😂😂😂 mwacheni mzee wa watu

#35 Mbuzi Beberu
Nimeisoma. Haihusiani.

#36 Kahawa Chungu
Mimi naomba tusimcheke, swali lake la "siku mimi sipo" ndo linaninyima mimi usingizi na hamna aliyelijibu hapa. Wangu ni wa kike.

#37 Nipo Kimya Tu
Wangu pia.

#38 Kinyozi wa Memorial
Jamani mbona hamjatuuliza sisi. Nimenyoa miaka 14 hapa Moshi, watoto wa namna hii nimenyoa wengi, na wengi wamening'ata. Yangu machache.

Mlio sio shida peke yake, ni mtetemo, ile mashine ukiiweka nyuma ya sikio inapiga hadi kwenye meno, jaribu mwenyewe. Nywele zilizokatwa zikiingia shingoni zinachoma kama upupu. Halafu kuna spirit. Tukimaliza kunyoa tunapaka spirit, na kama mashine imekwaruza inawaka moto. Mtoto hajui ni usafi, anajua mwisho wa yote ataunguzwa. Mimi watoto hawa siwapaki tena, nakuja na kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Na namwachia mashine aishike bila umeme, hata wiki 2, aende nayo akacheze, imeshavunjwa moja, sio kesi.

#39 Mama wa Rau
Subiri. Spirit.

Mwanangu alilazwa ana mwaka mmoja na nusu, homa ya mapafu, siku 6. Walikuwa hawapati mshipa. Mikono, miguu, mwishoni wakaweka kichwani, hapa juu ya sikio. Walimnyoa kipande hapo ndo wakachoma. Na tulimshika, mimi na nesi 2. Kila wakichoma wanafuta na spirit kwanza.

Sijawahi kuunganisha hivi vitu hadi sasa hivi nasoma hapa.

#40 Barafu ya Kibo
Duh.

#41 Kalamu ya Njoro
Mwambie OT wako hilo, kama hukuwahi. Harufu inakaa sana kwenye kumbukumbu.

#42 Mama Pacha Njiro
Na mimi naomba niwe mbishi kidogo, samahani mama. Pacha wangu hakuwahi kulazwa hata siku moja na anapanda kabati vile vile. Na wako anaanza kulia ng'ambo ya barabara, harufu ya spirit haivuki barabara.

#43 Ndizi Mshale
Mlio unavuka. Ameshajua mlio ukianza spirit inakuja nyuma.

#44 Mama Pacha Njiro
Unabahatisha.

#45 Ndizi Mshale
Wote tunabahatisha, mwenye kichwa chake haongei.

#46 Mbuzi Beberu
Mimi siku zile 6 sikuwepo, nilikuwa safari Mererani. Hili la kichwani sikulijua. Mama, tutaongea nyumbani.

#47 Mzee wa Mbege
Mbona mnaongelea humu na mnalala kitanda kimoja 😂 haya, kila la heri wazazi.

#48 Kahawa Chungu
Mleta mada tunasubiri mrejesho. Usije ukapotea kama wale wa kilimo cha vitunguu.

#49 Mama wa Rau
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, ni wiki 5 sasa. Kwa Kinyozi wa Memorial bado hatujaenda. Tulinunua mkasi mdogo, mashine hamna, spirit hamna. OT alituchorea picha 4 kwenye karatasi, kiti, taulo, mkasi, halafu soda, tumebandika ukutani. Tunakaa barazani jioni, mlango wazi. Siku ya kwanza nimekata mara 2 akasema basi, nikaweka mkasi chini. Akanitazama sana. Kesho yake mara 4. Kuna siku 3 alikataa hata kukaa. Siku moja nilikata mara 11 nikataka kuongeza na mimi, baba yake akaniambia kasema basi. Baba yake huyo.

Kwa hiyo sasa hivi upande wa kushoto ni mfupi, wa kulia bado rasta, nyuma ni kama shamba lililopitiwa na nyani. Bibi yake alipomwona alikaa kwanza. Shuleni mwalimu kauliza kama ni mtindo. Bado anajificha chini ya meza kule kliniki, hiyo haijabadilika, na juzi kwa jirani wamewasha mashine ya kukatia majani akajipiga vibaya. Sijui hata kama ni mkasi, ni mlango wazi, ni spirit, au ni kwamba amekua tu.

#50 Mzee wa Mbege
Weka picha tuone shamba.

#51 Mama wa Rau
Picha siweki, ni mtoto.

#52 Mwalimu wa Zamani
Vizuri mama. Upande wa kulia usiharakishe.

#53 Mbuzi Beberu
Kinyozi wa Memorial, mtu mzima unanyoa bei gani?

#54 Kinyozi wa Memorial
Elfu 2 mkuu. Bila spirit pia elfu 2. Jumanne asubuhi hamna watu, na kiti nitakigeuzia ukutani nisisimame nyuma yako.